Moshi hadi Arusha na kurudi siku moja nikiwa na watoto: mliozoea mnapangaje?

MamaWawili_Pasua

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Naomba ushauri wa waliozoea. Nafanya kazi duka la dawa hapa Moshi, na kwenye hii likizo ya Juni nimepata siku moja tu ya kupumzika, katikati ya wiki. Nimewaahidi wanangu Arusha. Mkubwa ni binti, kidato cha kwanza, mdogo ni mvulana wa darasa la tano. Arusha wanaijua kwa kuipita dirishani mwa basi tukienda Babati kwa bibi yao, basi. Hawajawahi kukanyaga.

Binti anataka makumbusho ya Azimio la Arusha kwa sababu mwalimu wao aliwatajia. Mdogo anataka kuona mnara wa saa, kuna mtu kamwambia ndio katikati ya Afrika. Mimi nataka kitambaa cha sketi za shule pale Soko Kuu, nasikia chaguo ni kubwa kuliko huku. Bajeti ni elfu sitini kwa kila kitu, nauli, viingilio, chakula, ila kitambaa kina hela yake pembeni.

Nitoke saa ngapi, nianzie wapi, nirudi saa ngapi? Tafadhali msiniambie "inategemea".

---

BibiMwalimu_Rau

Marahaba mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na wajukuu wakifunga shule wananidai Arusha kama mtu anavyodai deni. Kwa hiyo nakujibu kwa ninachokifanya mwenyewe.

Usianzie stendi. Hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyojifunza kwenye hizi safari. Watu karibu wote huteremkia Stendi Kubwa kwa sababu ndipo gari linapoishia. Mnashuka, mnazungukwa na wapiga debe, watoto wameshaona soda na viatu, na ninyi bado hamjaona hata ukuta wa makumbusho. Halafu mnaanza kupandisha mlima kwenda Boma, mchana mnarudi tena kulekule mlikotoka. Mimi nashuka juu, Sanawari, pale kwenye mataa. Kutoka hapo mji wote unateremka, na kila hatua mnayopiga inawasogeza kwenye gari la kurudia. Kitambaa chako kiwe cha mwisho kabisa, kwa sababu soko liko karibu na stendi na hutakibeba mjini siku nzima. Konda mwambie mapema, tangu Tengeru, tena kwa sauti, maana mataa yakiwa ya kijani dereva hana habari na wewe.

Kutoka Sanawari mnashika Barabara ya Afrika Mashariki. Mtaona makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yale mapya yaliyofunguliwa 2012, kisha AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Hapo simama dakika tano. Majengo yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya zamani, ile iliyovunjika 1977. Baadaye ndiyo ikakaa humo mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Mtoto wa kidato cha kwanza anaelewa vizuri sana ukimwambia nyumba ilijengwa kwa kazi moja ikafanya nyingine. Mdogo mwache ahesabu ghorofa.

Jirani hapo ni Boma la Mjerumani, la mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ingieni. Kuna habari za mtu wa kale, Olduvai na Laetoli, na hapa nikwambie kitu kimoja. Watoto hawakai kwenye maandishi. Wajukuu wangu walipita ukutani mbiombio, mimi nikabaki nasoma peke yangu. Nilipowaambia nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3 na laki 6, mmoja alijibu "sawa bibi" akaendelea na mbio zake. Lakini tulipotoka nje, kwenye vumbi, nikamwambia avue kiatu akanyage, kisha akanyage tena mbele yake, kisha aniambie kwa kuangalia alama tu kama mtu huyo alikuwa anatembea au anakimbia. Hapo wote wakavua. Tulikaa kwenye lile vumbi muda mrefu kuliko tuliokaa ndani. Wakagundua wenyewe kwamba anayekimbia anachimba kwa vidole na kisigino hakionekani vizuri. Basi wakarudi ndani kuangalia upya, bila kutumwa. Tangu siku hiyo mimi na wajukuu ni ndani kidogo, nje, kisha ndani tena, na siwalazimishi kusoma.

Mnara wa saa uko chini ya Barabara ya Boma, ni mchepuko mfupi. Mpe mwanao mnara wake. Hiyo hadithi ya katikati ya Cairo na Cape Town inapendwa sana mjini Arusha. Mkiwa nyumbani mpe atlasi na uzi apime mwenyewe, matokeo aniletee mimi. Pale mnarani hamtakosa wauza picha na shanga. Ukisema "asante kaka, siku nyingine" kwa lafudhi ya kwetu wanakuacha, wao wanamngoja Mzungu.

Kisha mnapanda kidogo kurudi Barabara ya Makongoro, kwenye sanamu ya Mwenge, na Azimio lipo hapohapo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Msomee binti yako ile miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mjukuu wangu mmoja alifika kwenye nyumba za kupangisha akasita, akarudia kusoma kwa sauti, kisha akaniuliza mbele za watu, "Bibi, sasa mbona mzee fulani wa mtaani kwetu ana vyumba kumi na ni kiongozi?" Nikamfinya. Nje nikamweleza kuhusu Azimio la Zanzibar la 1991, jinsi CCM ilivyolegeza masharti hayo. Njia nzima mpaka uwanja wa Sheikh Amri Abeid alikuwa ananiuliza maswali, na ukweli mengine sikuyapenda.

Kutoka hapo mnapita uwanjani, mnakula, mnaingia Soko Kuu, mnapanda gari. Mmemaliza.

Sasa ya njiani. Toka Moshi saa 12 na nusu asubuhi. Ni kilomita kama 80 tu, lakini koasta inashusha na kupakia Machame njia panda, Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, KIA (njia ya uwanja wa ndege), USA River, na kwenye makazi ni mwendo wa 50, tochi za trafiki zipo. Hesabu saa mbili. Kaeni upande wa kulia, nyuma ya dereva. Kama hakuna mawingu mtauona Kilimanjaro mkigeuka nyuma kidogo, na mkipita KIA mnapokewa na Meru mbele. Kurudi kaeni kushoto. Baada ya saa 4 milima yote inajifunika, kwa hiyo anayechelewa kutoka analipa nauli ileile na hapati kitu.

Masweta. Moshi tupo kama mita 900 juu ya bahari, Arusha ni kama 1,400, na hii ni Juni. Mtoto wa Pasua akitoka na fulana atatetemeka Sanawari.

Epuka Jumatano na Jumamosi kama unaweza, ni siku za soko la Tengeru.

---

Chalii_Ngarenaro

Bibi shikamoo. Umemaliza yote, mimi naongeza ya stendi kwa sababu hapo ndipo ninapokula. Naendesha kifodi (daladala ndogo) mjini, zamani nilikuwa konda wa koasta njia hiyohiyo ya Moshi.

Dada, jioni ukifika Stendi Kubwa utaambiwa "bado wawili tu tunaondoka". Unachungulia, kweli gari limejaa. Unakaa na watoto. Baada ya dakika kumi watu wanane wanashuka, kumbe walikuwa wapiga debe wamekaa ili gari lionekane limejaa. Na wewe umeshalipa. Sasa dawa yake ni kuangalia chini, usiangalie vichwa. Abiria wa kweli ana kitu miguuni, mfuko, ndoo, boksi, mkungu wa ndizi. Ukiona safu nzima watu wamekaa mikono mitupu, wengine wamekaa nusu kiti wameelekea mlangoni, hao hawaendi Moshi. Hao hata Kijenge, hapahapa mjini, hawaendi. Na usilipe mpaka gari liwashwe, tena mlipe konda ndani ya gari, siyo mtu wa nje, hata kama kavaa sare. Tiketi uipate mkononi.

Kingine, usipande bodaboda na watoto wawili. Utaona wenzako wanafanya, mshikaki wa watu wanne, wewe usifanye. Bajaji ipo, patana kabla hujakaa. Ila kwa njia aliyotoa bibi huhitaji hata bajaji.

Saa ya kurudi: saa 9 na nusu uwe ndani ya gari, ikizidi sana saa 10. Kutoka Sakina mpaka Tengeru barabara ni pana, njia nne, unateleza tu. Shida inaanzia pale inapobana baada ya Tengeru. Ikishapita saa 11 watu wanatoka kazini, malori nayo yapo, USA River mnatambaa. Watoto wamechoka, mmoja anataka kujisaidia. Nimeona wamama wanalia kabisa.

Choo: malizeni makumbusho. Cha stendi ni cha kulipia na kina foleni.

---

Mkazi_wa_Njiro

Kwa heshima zote, Bibi Mwalimu, mimi sikubaliani na sehemu moja. Makumbusho mawili, mnara, AICC na soko kwa siku moja ni mengi kwa mtoto wa darasa la tano. Wewe ni mwalimu, unajua kuwashika. Sisi wengine tukifika la pili watoto wameshakaa chini wanacheza simu.

Mimi nikipokea ndugu kutoka Moshi au Same na watoto wao nawapeleka sehemu moja asubuhi, ya pili wachague wenyewe baada ya kula. Mara nyingi wanachagua kukaa tu kwenye nyasi. Na siyo hasara. Wageni wengi nawaona wanapita mjini wameshika ratiba, jioni ukiwauliza walichoona wanakutajia majina ya barabara.

Kwenye chakula, mama, tafuta mama ntilie anayeuza loshoro. Mahindi na maziwa mgando, wengine hutia na ndizi, ni chakula cha Waarusha wenyewe. Wanao wa Kichaga (nakisia) wataanza kwa kununa, wakilinganisha na kiburu cha kwao, halafu wataomba bakuli la pili. Chipsi mayai zipo hata Pasua.

---

MamaWawili_Pasua

Jamani asanteni sana. Bibi, nimesoma kwa sauti na binti yangu, kacheka sana hapo kwa kufinywa. Chalii, hilo la miguu sijawahi kulisikia na nimepanda koasta maisha yangu yote.

Mkazi wa Njiro, baba yao Mchaga, mimi Mgorowa, kwa hiyo loshoro haitutishi hata kidogo.

Mawili yamebaki. Mdogo anatapika kwenye gari, hasa likisimama-simama. Na la pili ni kitambaa. Kwenye kununua kwa mita mimi naibiwa kila mahali, nifanyeje?

---

BibiMwalimu_Rau

Njiro, umesema kweli kwa upande wako, na ndiyo maana nikaweka Azimio mwisho. Watoto wakichoka mnaliruka, hamjapoteza hata hatua kwa sababu liko njiani kuelekea stendi. Lakini huyu binti ameliomba mwenyewe. Mtoto aliyeomba makumbusho usimpeleke kwenye nyasi. Wako wachache.

Mama Wawili, wa kutapika mkalishe mbele kabisa, kiti cha pili nyuma ya dereva, aangalie barabara na siyo simu. Asitoke na tumbo tupu na asitoke ameshiba. Kipande cha mkate mkavu na chai ya rangi kidogo vinatosha, maziwa hapana. Mpe ganda la chungwa ashike, alibonyeze karibu na pua kila gari linaposimama. Wewe duka la dawa unajua na vidonge vyake, sitakufundisha kazi yako. Beba mifuko miwili, na nguo ya kubadili ikae juu kwenye begi, siyo chini ya vyakula. Nimewahi kukaa jirani na mama anayefukua begi zima pale Kwa Sadala huku mtoto ameshamaliza kazi yake.

Kama mnaweza, ingieni koasta ambayo ndiyo kwanza inaanza kujaa, hata mkikaa dakika ishirini stendi ya Moshi. Mkidakia gari barabarani mtapewa viti vya nyuma juu ya matairi, na hapo hata mtu mzima anatapika.

La kitambaa nawaachia wenye kazi yao.

---

FundiMajengo

Nimeitwa bila kuitwa. Nashona sare za shule hapa Moshi na mzigo wangu mwingi nafuata Arusha, kwa hiyo sikiliza, dada.

Kabla hujatoka nyumbani nenda kwa fundi wako akupe mita kwa kila sketi, na umwambie kabisa kama shule inataka marinda au ya kunyooka. Ya marinda inakula kitambaa mno. Ukifika dukani, swali la kwanza ni upana, bei baadaye. Kitambaa cha inchi 60 na cha inchi 45 vinakaa kwenye rafu moja, rangi moja, na cha 45 bei yake kwa mita inaonekana nzuri. Ukifika kwa fundi unaambiwa hakitoshi, na Arusha umeshaiacha kilomita 80.

Kupima: ipimwe kwa rula ya mita, ile ya mbao au ya chuma iliyopigiliwa mezani. Wengine wanapima kwa kunyoosha mkono, wengine wanavuta kitambaa kabla ya kukiweka kwenye rula. Kikivutwa kinatoka mita tatu, ukikilaza nyumbani ni mbili na kitu. Mwambie, "kaka, kilaze kwanza." Utaona anajua unachosema. Wewe shika mwisho mmoja na kidole chako, usiachie mpaka amalize kuhesabu, na hesabuni pamoja kwa sauti. Mkasi usiguse kabla hujasema sawa.

Rangi ya sare: beba sketi ya zamani, au hata kipande cha pindo. Bluu za shule zinazidi tano na chini ya taa ya dukani zote ni moja. Toka nayo mlangoni uangalie kwenye jua. Muuzaji akikataa kitambaa kisitoke, omba akukatie kipande kidogo cha pembeni. Akikataa na hicho, duka linalofuata liko hatua tatu.

Kisha kiloweshe maji ya baridi usiku huohuo, kikauke, ndipo umpelekee fundi. Hivi vya pamba vilivyochanganywa vinaruka (vinapungua urefu vikifuliwa), na fundi hataki lawama za sketi iliyopanda juu ya magoti mwezi wa nane.

---

Chalii_Ngarenaro

Fundi umefunga kazi 😂

Dada, siku gani sasa? Kama ni Alhamisi mimi niko njia ya Sakina siku nzima, lakini kijana wetu mmoja anauza matunda pale Sanawari kwenye mataa. Ukikwama na njia muulize yeyote anayeuza kitu, usimuulize aliyesimama tu. Anayeuza haondoki hapo kesho.

---

MamaWawili_Pasua

Alhamisi ndiyo. Nimeshapita kwa fundi jioni hii: sketi mbili za marinda, kasema mita nne kama ni inchi 60, na kama ni 45 nisinunue kabisa. Nitarudi hapa kuwaambia bei.